Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Gemu za Kampuni za Nje kwenye PlayStation, Xbox na Nintendo, kwa Sisi wa Uganda

Watu wanauliza "nichukue mashine gani" kila siku, na mara nyingi jibu haliko kwa mashine yenyewe, liko kwa wale wanaoitengenezea gemu. Hapa nimekusanya yale maswali yanayorudi rudi. Si lazima uanze juu, ruka uende kwa lako.

## Mambo ya mwanzo

Kampuni za nje ni zipi, na "mwenye mashine" ni nani?

Mwenye mashine ni yule aliyeitengeneza: PlayStation ni ya Sony, Xbox ni ya Microsoft, Switch ni ya Nintendo. Hao wako na gemu zao wenyewe pia, Mario ya Nintendo, God of War ya Sony, Halo ya Microsoft. Kampuni za nje ni wale wengine wote wanaotoa gemu kwa mashine isiyo yao: EA wa FIFA (siku hizi inaitwa EA Sports FC lakini mtaani bado ni FIFA na itabaki FIFA), Take-Two wa GTA na NBA 2K, Konami wa PES ambayo sasa ni eFootball, Ubisoft wa Assassin's Creed, Capcom wa Street Fighter, Warner Bros. wa Mortal Kombat, na wengine kibao.

Sasa ingia kibanda chochote cha PS, iwe Kawempe iwe Kansanga, uangalie kwa skrini. Mpira, Mortal Kombat, GTA, WWE. Hakuna hata moja hapo ya mwenye mashine! Kwa hivo mtu akikwambia PS ni ya Sony ni kweli, ila kile unachochezea pale kinatoka kwa watu wengine kabisa, na siku hao wakisema basi, mashine yako inabaki kuwa boksi la kuwekea rimoti.

Pesa wanagawana vipi?

Gemu ikiuzwa kwa duka la mtandaoni la mashine, kiwango kilichozoeleka ni mwenye mashine kuchukua asilimia 30 na kampuni ya nje kubaki na 70. Haya yalisemwa wazi mahakamani kwenye kesi ya Epic (wenye Fortnite) na Apple mwaka 2021. Kwa diski kuna ada ya leseni kwa mwenye mashine. Ndo maana mashine inaweza kuuzwa kwa faida kidogo sana, ama hasara kabisa kama PS3 ilivyotoka 2006, alafu hela inarudi polepole kupitia jasho la wengine.

Kampuni ya nje nayo inapiga hesabu zake: mashine ngapi zimeuzwa, kuileta gemu huko kutagharimu kiasi gani, na je, wenye hiyo mashine wananunua gemu kama zetu kweli? Hili la tatu watu hulisahau. Unaweza kuwa na mashine imeuzwa sana lakini wenye nayo wananunua Mario tu na Zelda tu, na EA akiangalia mauzo yake huko anaona afadhali atumie wahandisi wake kwingine.

Hii biashara ilianza wapi?

Zamani hakukuwa na kitu kama hicho, aliyeuza mashine ndo aliuza na gemu. Mwaka 1979 watengenezaji wanne wa Atari (mwenye mashine wa enzi hizo), David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walichoka kufanya gemu zinazoingiza mamilioni huku majina yao hayatajwi popote, wakatoka na pamoja na Jim Levy wakaanzisha Activision. Atari akawapeleka mahakamani 1980, na kufika 1982 wakaelewana kwamba Activision ilipe mrabaha na iendelee na kazi. Mlango ukafunguka kwa kila mtu.

Shida ni kwamba ulifunguka sana. Kila mtu akaanza kutoa gemu za Atari, nyingi takataka, maduka yakajaa, na 1983 soko la Marekani likaanguka, kutoka karibu dola bilioni 3.2 mpaka kama milioni 100 mwaka 1985. Nintendo alivyoingia Marekani na mashine yake ya NES akaja na kufuli: chip ndani ya mashine na ndani ya kaseti, bila hiyo gemu haiwaki. Kampuni ya nje ilibidi iombe leseni, kaseti zitengenezwe na Nintendo mwenyewe, na isizidishe gemu tano kwa mwaka. Konami akazunguka hiyo sheria kwa kufungua kampuni ya pembeni inaitwa Ultra Games ili apate nafasi zingine tano, mjanja huyo. Hizi leseni na vibali unavyoona leo zimetoka hapo.

Mwenye mashine anaweza kukataa gemu ya mtu?

Ndiyo, na anaweza kuitoa hata kama ishaanza kuuzwa. Kila gemu inapita ukaguzi kabla ya kutoka: isigande, isipoteze ulichosevu, ifuate masharti ya mashine. Ukaguzi huo hausemi gemu ni tamu, unasema tu inafanya kazi, na hata hapo vitu hupenya. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, kwenye PS4 na Xbox One ilikuwa imejaa matatizo, na wiki moja tu baadaye Sony akaiondoa dukani kwake na kurudishia watu pesa. Haikurudi hapo mpaka Juni 2021.

## Kabla hujatoa pesa

Mi nataka mpira tu. Ninunue nini?

PS4 ama PS5, tusizunguke. Si kwamba Xbox haina, FC inatoka huko vilevile kila mwaka, ila hapa kwetu diski za Xbox kuzipata ni kazi na rafiki zako wote wako PlayStation, utacheza na nani?

Kwa Switch kaa macho. FIFA ilianza huko na FIFA 18, ila kuanzia FIFA 20 mpaka FIFA 23 EA alikuwa anatoa kitu kinaitwa Legacy Edition, maana yake ni gemu ileile ya jana iliyobadilishwa jezi na majina ya wachezaji, na bado unalipa kama mpya. FC 24 ndo ya kwanza kupata injini (programu inayoendesha gemu) inayotumika kwenye mashine kubwa. Kwa hivo mtu akikuuzia Switch na FIFA 22 juu yake akikwambia "mzee hii ni sawa na ya PS", anakupiga. Na eFootball haikuletwa kwenye Switch ya kwanza.

Kama pesa ni ngumu kabisa, eFootball iko bure kwenye PS4 na hata kwenye simu. Bure lakini haina diski, bando ni lako (soma sehemu ya diski na bando hapo chini).

PS4 bado inaletewa gemu au ishazeeka?

Ishazeeka lakini haijaachwa yote. FC 26 na Call of Duty: Black Ops 7, zote za 2025, zimetoka na kwa PS4. Sababu ni ile hesabu ya mwanzo: PS4 zilizouzwa duniani ni zaidi ya milioni 117 na wengi bado wanazitumia, na mpira wa kila mwaka hauhitaji kujengwa upya kutoka chini.

Gemu kubwa mpya ndo zimeshahama. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S peke yake. Kuna watu wanaambiwa madukani ati itakuja PS4 "baadaye na apdeti", hakuna kitu kama hicho kilichotangazwa. Ukinunua PS4 leo, nunua kwa ajili ya gemu zilizopo tayari, ambazo ni nyingi sana na diski zake za mitumba ziko kila mahali, usinunue kwa ajili ya zinazokuja.

Kwa nini gemu fulani iko PS5 lakini Switch haina?

Kwanza nguvu. Switch ya 2017 ina chip ya aina inayokaa kwenye tableti, na gemu iliyoundwa kwa PS5 ukiiingiza humo inabidi uipunguze kila kitu mpaka wakati mwingine haitambuliki. Inawezekana, Witcher 3 iliingizwa kwenye kaseti ya GB 32 mwaka 2019 na watu hawakuamini macho yao, lakini ni kazi ya kampuni nzima kwa miezi mingi. Pili nafasi: kaseti kubwa ni ghali, diski ni rahisi. Hili la kaseti limemwumiza Nintendo tangu zamani, miaka ya tisini alivyong'ang'ania kaseti kwenye Nintendo 64, Square akahamisha Final Fantasy VII kwenda PlayStation, gemu ikatoka 1997 kwa CD tatu. Kaseti ya N64 iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa MB 64.

Na usidhani ni Nintendo tu. Xbox Series S ni dhaifu kuliko ndugu yake Series X, na Microsoft anataka gemu ziende kwa zote mbili. Baldur's Gate 3 ilitoka PS5 Septemba 2023 ila Xbox ikangoja mpaka Desemba kwa sababu kugawa skrini kwa watu wawili kulikuwa kunashindikana kwenye Series S, mwisho wakaitoa bila hicho kipengele kwenye Series S.

Switch 2 iko na gemu za nje au bado ni Mario tu?

Iko nazo, na ilianza vizuri kuliko mashine za Nintendo tulizozoea. Ilitoka tarehe 5 Juni 2025 na siku hiyohiyo kulikuwa na Cyberpunk 2077, Street Fighter 6, Hogwarts Legacy na Fortnite. FC 26 na NBA 2K26 nazo zikafuata. Switch ya kwanza ilivuka mashine milioni 150, kwa hivo safari hii hakuna kampuni inayotaka kubaki nyuma.

Mi bado nasema kwa mtu wa Uganda anayetaka mashine moja tu ya nyumbani si chaguo la kwanza. Ni ghali, gemu zake hazishuki bei, na kuna ile mambo ya kaseti zisizo na gemu ndani, ambayo ina swali lake chini.

Kuna gemu inatangazwa "PS5 peke yake" alafu mwaka ujao iko Xbox. Huo si uongo?

Ni makubaliano ya muda. Mwenye mashine analipa ama anasaidia kazi, kampuni ya nje inakubali kutoenda kwingine kwa kipindi fulani. Final Fantasy XVI ilitoka PS5 Juni 2023, PC Septemba 2024, Xbox Juni 2025. Rise of the Tomb Raider ilikwenda upande mwingine, Xbox 2015 na PS4 2016. Ukiona tangazo limeandika PS5 bila kusema milele, jua si milele.

Ziko zingine ambazo hazihami kabisa kwa sababu mwenye mashine ndo alilipia itengenezwe. Bayonetta 2 Sega hakuwa tayari kuitoa, Nintendo akaweka hela, ikatoka kwenye mashine yake ya Wii U 2014, na mpaka leo utaipata kwa mashine za Nintendo tu.

Kwa nini gemu za Xbox zinaonekana PS5 siku hizi? Xbox imekufa?

Haijafa ila imebadilisha biashara. Microsoft alimnunua mtengenezaji wa gemu Bethesda 2021, alafu Oktoba 2023 akamaliza kuinunua Activision Blizzard (wenye Call of Duty) kwa karibu dola bilioni 69, na ukishatumia hela hiyo huwezi kukataa wateja wa PlayStation. Sea of Thieves ikaenda PS5 Aprili 2024, Forza Horizon 5 Aprili 2025. Kwenye PS5 Microsoft ni kampuni ya nje kama EA tu, analipa Sony kama wengine. Sony naye kafanya hivo kidogo, Helldivers 2 ilifika Xbox Agosti 2025. Miaka kumi nyuma ungesema haya kwenye kijiwe ungechekwa.

Na Call of Duty, kwa wanaouliza, haiondoki PlayStation leo wala kesho: Microsoft alisaini mikataba ya miaka kumi na Nintendo na Sony mwaka 2023 ili wasimamizi wa masoko wamruhusu anunue.

## Diski, kaseti na bando

Nimenunua diski kwa pesa yangu, mbona bado inataka kudaunlodi GB kibao?

Hili ndo swali linaloongoza, na ndo linaloumiza wengi, kwa sababu mtu anatoa pesa downtown akidhani kamaliza. Diski siku hizi ziko za aina tatu. Kuna iliyo na gemu nzima, unaingiza na unacheza hata umeme wa Yaka ukirudi na intaneti haipo. Kuna iliyo na gemu lakini mbovu mbovu, inahitaji apdeti ya kwanza ndo itulie. Alafu kuna iliyo na ufunguo tu: Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, diski yake ya PS5 ilikuwa na kama MB 70 peke yake, yaani picha chache za simu, vingine vyote unashusha mwenyewe, na gemu za Call of Duty zinapita GB 100.

Anayeamua hivo ni kampuni ya nje, si Sony na si muuzaji wa Kampala Road. Kwao wanakoishi intaneti ya nyumbani haina kipimo kwa hivo hawaoni tatizo. Sisi tunanunua bando, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data hapa Uganda, kwa hivo gemu inakuwa na bei mbili, ya diski na ya kuishusha.

Cha kufanya: geuza boksi usome nyuma na mbele kabla hujalipa. Yameandikwa maneno madogo kwamba intaneti inahitajika ama nafasi ya GB ngapi. Kama muuzaji ana mashine pale, mwambie aiwashe bila intaneti uone kama kweli ni nzima. Akikataa, ssebo, nenda duka la pili. Na ukishashusha usiifute ovyo ukitafuta nafasi, nunua hard disk ya nje uihamishie huko. Gemu za PS4 zinacheza kutoka humo moja kwa moja, za PS5 zinakaa tu zikingoja kurudishwa ndani, ila hilo bado ni rahisi kuliko bando jipya.

Hizi kaseti za Switch 2 za "ufunguo" zinafanyaje?

Boksi ni la kawaida, kaseti ipo, ila ndani hakuna gemu. Unaichomeka, mashine inashusha gemu yote mtandaoni, alafu kila ukitaka kucheza lazima kaseti iwe ndani. Intaneti inahitajika mara ya kwanza tu, baadaye unacheza bila. Mbele ya boksi kuna alama ya ufunguo chini, iangalie. Street Fighter 6 ya Switch 2 ni ya aina hiyo. Cyberpunk 2077 siyo, hiyo wameiweka yote kwenye kaseti ya GB 64, na nawaheshimu kwa hilo.

Uzuri wake mmoja ni kwamba unaweza kuiuza ama kumwazima mtu, tofauti na boksi lenye namba ya siri tu ndani ambalo ukishaitumia limeisha. Kumbuka pia Switch 2 ina GB 256 ndani na memori kadi ya zamani haitaki kwa gemu zake, inataka aina mpya ya microSD Express ambayo ni ghali.

Akaunti ya Uganda haipo. Gemu zitacheza?

Diski zitacheza. PS4, PS5 na Switch hazifungi gemu kwa nchi, diski ya Dubai, ya Nairobi na ya London zote zinaingia. Kinachosumbua ni duka la mtandaoni, Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PSN (mtandao wa PlayStation), kwa hivo watu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza ama Afrika Kusini na kununua kadi za zawadi za huko. Masharti ya Sony yanataka uandike nchi unayoishi kweli, kwa hivo ujue unatembea pembeni ya sheria yao.

Mtego mkubwa ni vitu vya ziada, yaani ramani, wachezaji ama pointi zinazouzwa baada ya gemu. Hizo zinafuata nchi ya diski. Diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani havielewani, utanunua pointi na hazitaonekana kwenye gemu. Amua akaunti moja, alafu tafuta diski za upande huo.

Na mambo haya hayaishii PS. Mei 2024 Sony alitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye PC waunganishe akaunti ya PSN, gemu ikaondolewa kuuzwa kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na hiyo huduma, sisi tukiwemo. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima mpaka akarudisha nyuma lile sharti la akaunti.

"Cloud version" kwenye Switch ni nini?

Usinunue. Gemu haiko kwenye mashine, inachezwa kwenye kompyuta ya mbali alafu wewe unatumiwa picha kama video. Control na Hitman 3 zilikuja Switch ya kwanza hivo. Bila intaneti ya kasi na seva ya karibu utabonyeza kitufe na mtu wako ataruka baadaye.

## Mashine ikiachwa

Nitajuaje kampuni za nje zimeanza kuitoroka mashine?

Dalili ya kwanza ni mpira. Wii U ilitoka Novemba 2012 na FIFA 13, na mwaka mmoja kabla yake bosi wa EA alikuwa amesimama jukwaani akisema uhusiano kama wao na Nintendo haujawahi kuonekana. FIFA 14 ikatoka kila mahali isipokuwa Wii U! Ya pili ni gemu iliyotangazwa kwa mashine hiyo peke yake kuanza kutangazwa kwingine: Rayman Legends ya Ubisoft ilikuwa ya Wii U tu, karibu kabisa itoke Februari 2013, ikasogezwa mpaka Septemba ili itoke pamoja na PS3 na Xbox 360. Wii U ilimaliza na mashine milioni 13.56, kidogo sana.

Ya tatu ndo ile ya FIFA ya jezi mpya niliyoitaja kwenye swali la mpira. Kampuni haijaondoka lakini ishaacha kutoka jasho.

Mfano mwingine wanaoupenda wazee ni Dreamcast ya Sega. EA hakuweka gemu hata moja pale, Sega ikabidi atengeneze michezo yake mwenyewe, ilikuwa mizuri, na bado 2001 mashine ikafungwa na Sega mwenyewe akageuka kampuni ya nje. Sonic leo anakimbia kwenye mashine ya Nintendo.

Mbona PS2 ilikaa miaka mingi hivyo?

Ilitoka 2000 na FIFA 14 bado ilitoka kwa PS2, mwaka 2013. Zaidi ya milioni 155 ziliuzwa, kampuni ya nje itaachaje watu wote hao. Zile diski za PES zenye makomentari ya Kiswahili ama Kiluganda na timu za huku ni kazi ya mafundi wa mtaani, Konami hakuhusika.

Gemu ninayo, mashine ninayo, kwa nini onlaini imekataa?

Seva ni za kampuni ya nje na inazima inapotaka. GTA Online ya PS3 na Xbox 360 ilizimwa tarehe 16 Desemba 2021, sehemu ya hadithi inaendelea kama kawaida. The Crew ya Ubisoft ilikuwa mbaya zaidi, ilihitaji seva hata ukicheza peke yako, ikazimwa Machi 2024 na diski ikawa sahani. Ukinunua gemu ya mitumba uliza kwanza kama inacheza bila mtandao.

Upande wa FIFA, mkataba wa EA na shirika la FIFA uliisha na kwa hivo FIFA za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni 2023. Aliyezinunua anazo, mpya hapati, ila diski zake zinaendelea kucheza mpira wa kawaida bila neno.

## Ya pembeni

Mashine iliyochipiwa (iliyofunguliwa ili icheze gemu za kunakili) inapata gemu za nje zote?

Inapata zile ambazo mtu ashazivunja, na ikiingia onlaini inaweza kupigwa bani milele. Kila gemu mpya pia inadai programu mpya ya mashine, na ukiapdeti umepoteza kuchipiwa kwako. Kwa kibanda cha kukodisha pedi sitaki kujifanya sijui, wengi wanatumia hizo. Ila usiuziwe iliyochipiwa kwa bei ya nzima.

Pedi za kampuni za nje ni sawa?

Kwa PS4 nyingi zinafanya kazi, ubora ni bahati yako. Xbox alianza Novemba 2023 kuzuia vifaa visivyo na kibali chake, kwa hivo pedi ya bei rahisi inaweza kukataliwa na mashine. Na pedi ya PS4, hata ya Sony mwenyewe, haichezi gemu za PS5, inacheza za PS4 tu zilizo ndani ya PS5.

PS5 isiyo na tundu la diski inanifaa?

Soma swali la diski kwanza alafu ujijibu. Kisomeo cha diski kinauzwa peke yake na unakiweka kwenye PS5 mpya nyembamba ama Pro, ila mara ya kwanza kinahitaji intaneti ili mashine ikitambue.

Mganda anaweza kuwa kampuni ya nje?

Hakuna sheria inayokataza. Unajisajili kwa programu za watengenezaji za Sony, Nintendo ama Microsoft (ya Microsoft inaitwa ID@Xbox, ipo tangu 2013), unaonyesha kazi yako, ukikubaliwa unapata mashine maalumu za kutengenezea na unapitia ule ukaguzi. Kinachokwamisha ni hela na karatasi, na malipo kurudi kwenye akaunti ya huku. Wengi wetu wameanza na simu kwa sababu hiyo, kama ile Matatu ya karata.

Njia nyingine ni kubebwa na kampuni kubwa. Tales of Kenzera: Zau ya Surgent Studios, ambayo mwanzilishi wake Abubakar Salim ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ilitolewa chini ya EA Aprili 2024 kwa PS5, Xbox Series, Switch na PC, na ndani unaweza kuchagua wahusika waongee Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Iko kwenye mipangilio ya lugha, upande wa sauti.